Tokeni na hela za askari: namna ya kuzitafuta, kuzikagua na kuzitunza ukiwa Mwanza

Neno "tokeni" siku hizi humkumbusha Mtanzania zile tarakimu 20 za luku. Kwa mkusanyaji wa sarafu, hata hivyo, tokeni ni kipande cha chuma, cha karatasi ngumu au cha plastiki ambacho hakikutolewa na hazina ya nchi bali na mfanyabiashara, kantini au kambi, ili aliyenacho akakibadilishe kwa bidhaa mahali fulani na si pengine. Majeshi yamezalisha vipande vya namna hiyo kwa wingi, na sababu yake haifichiki: askari hulipwa kwa kuchelewa, kituo chake kiko mbali na mji, na tumbaku anaitaka leo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Mwanza, Bukoba, Musoma au visiwani, asiye na fedha nyingi za kuagiza vitu ng'ambo, lakini mwenye subira ya kuuliza, kupima na kuandika. Nimezifuata hatua hizi mwenyewe, na baadhi yake nilijifunza baada ya kuharibu.

Hatua ya kwanza: amua unachokitafuta

Anayetaka kukusanya "fedha zote za kale" huishia kuwa na kopo lililojaa vitu asivyovijua. Chagua tawi moja. Kuna matawi matatu ambayo mtu wa kanda ya ziwa anaweza kuyashika.

La kwanza ndilo lililo mlangoni petu, nalo ni hela, yaani sarafu ndogo za Kijerumani zilizoitwa Heller, zilizopigwa Tabora mwaka 1916. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, sarafu mpya hazikuja tena kutoka Ujerumani, na rupia za fedha zilizokuwapo zikafichwa na watu majumbani. Utawala wa Kijerumani ulijaribu kwanza noti za dharura, zilizoanza kuchapishwa hapa hapa nchini mwaka 1915, lakini karatasi hairidhishi watu wakati wa vita. Ndipo karakana ya reli ya Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912, ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Huko zilipigwa hela 5 za shaba ya njano, hela 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Sehemu ya shaba iliyotumika ilikuwa maganda ya mizinga. Kazi hiyo haikudumu, kwa kuwa Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Msomaji makini atasema kwamba hela hizo si tokeni, kwa sababu zilitolewa na serikali. Yuko sahihi kwa tafsiri ya kitabuni. Lakini zitazame zilivyofanya kazi: chuma chake hakikuwa na thamani iliyoandikwa juu yake, zilitengenezwa kwa haraka katika nchi iliyozingirwa vitani, zilipita mikononi mwa askari na wapagazi waliohitaji kununua unga na chumvi, zilikubalika upande mmoja tu wa vita, na upande huo uliposhindwa zikabaki vyuma. Ndiyo maana mimi huziweka kabati moja na tokeni, na sijutii.

Tawi la pili ni fedha walizorudi nazo keya, yaani askari wa King's African Rifles, kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Waliopelekwa Uhabeshi waliweza kurudi na lira za Kiitalia. Waliopelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 walikutana na noti za rupia zilizotolewa na Wajapani, ambazo hutambulikana kwa herufi B kwenye alama zake, na baadaye noti za rupia za India zilizogongwa maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ni za utawala wa kijeshi wa Burma. Noti hizo zimo bado katika masanduku ya bati ya familia kadhaa kuzunguka ziwa, mara nyingi zikiwa ndani ya bahasha moja na cheti cha kuachishwa jeshi.

Tawi la tatu ni tokeni halisi za kantini, ambazo kwetu ni nadra na aghalabu hununuliwa ng'ambo. Mfano wake maarufu ni wa Marekani. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya mwaka 1861 na 1865, kila rejimenti iliruhusiwa kuwa na mfanyabiashara mmoja aliyeifuata na gari lake la bidhaa, na wengi wao walitoa vipande vya shaba vyenye jina la mfanyabiashara, namba ya rejimenti na kiasi, kwa kawaida senti 5, 10, 25 au 50. Askari alikopeshwa vipande hivyo, deni likakatwa siku ya mshahara. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mfanyabiashara kudai hadi sehemu moja ya sita ya mshahara huo wa mwezi. Bei za wafanyabiashara hao zililalamikiwa sana, na ni rahisi kuelewa kwa nini, maana mwenye tokeni hakuwa na duka la pili la kwenda. Vipande vya rejimenti ndogo ni adimu sana leo, na ghushi zake ni nyingi. Mtu asiyetaka kuumia anaweza kuanza na vile vya karatasi ngumu ambavyo maduka ya jeshi la Marekani yalivitoa kuanzia mwaka 2001 huko Afghanistan na kwingineko, vya senti 5, 10 na 25, kwa kuwa kusafirisha sarafu za chuma kwa ndege kulikuwa mzigo.

Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi tawi la kwanza, ambalo ndilo ninalolijua kwa mikono.

Hatua ya pili: kusanya vifaa kabla ya kukusanya sarafu

Unahitaji mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ile wanayotumia masonara na wanunuzi wa dhahabu. Katika mji unaolishwa na Geita, mizani hiyo si kitu cha kuhangaikia. Unahitaji pia kioo cha kukuzia mara 10, rula ya chuma au kalipa, sumaku, kikombe chepesi, uzi mwembamba, bahasha ndogo za karatasi na daftari lenye jalada gumu. Daftari ndilo la lazima kuliko vyote.

Hatua ya tatu: tafuta kwa kuuliza

Makoroboi ni mahali pazuri pa kuanzia, na jina lenyewe linaeleza kwa nini: palijulikana kwa mafundi waliogeuza makopo kuwa koroboi. Wauza vyuma chakavu hapo na kwingineko mjini hupokea shaba kwa kilo, na ndani ya gunia la nyaya na mabomba huweza kutokea kipande cha mviringo ambacho mwenyewe hakukitazama mara mbili. Zoea kupita mara kwa mara, salimia, nunua hata kitu kidogo, na acha sampuli ya picha ya unachokitafuta. Muuzaji akishajua sura ya hela 20, atakuwekea. Masonara nao wana makopo ya fedha chakavu ambamo rupia za Kijerumani huwamo zikisubiri kuyeyushwa. Hapo unashindana na moto, kwa hiyo uwe mwepesi kulipa bei ya uzito wake na ziada kidogo.

Njia iliyo bora zaidi, na ya polepole zaidi, ni ya familia. Wapagazi na askari wengi wa vita vya kwanza walitoka Usukuma na Unyamwezi, na Mwanza yenyewe ilitekwa na Waingereza Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Tabora. Kwa hiyo hela ya Tabora unayoikuta Misungwi au Ukerewe yaelekea ililetwa baadaye, mfukoni mwa mtu aliyerejea kwao. Ni habari hiyo unayoitafuta pamoja na kipande chenyewe.

Usifike kwa mzee ukauliza bei. Ukiingia asubuhi, toa mwangaluka yako au shikamoo, keti, eleza wewe ni mtoto wa nani, kisha uulize habari za mtu, si za kitu. Mazungumzo yangu ya kwanza yenye mafanikio yalikuwa mafupi tu.

"Shikamoo babu. Nimeambiwa marehemu baba yako alikwenda na Wajerumani."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hakwenda, alichukuliwa. Alibeba masanduku mpaka Tabora, akarudi na mguu mmoja mbovu na hela tatu."

Hela hizo tatu sikuziona siku ile. Niliziona ziara ya tatu, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya mtungi. Kama ningezitaja mwanzoni, nadhani nisingeziona kamwe.

Jambo moja la tahadhari hapa. Wako watu wanaozunguka vijijini wakiuza "rupia za Mjerumani" kwa mamilioni, wakidai kwamba zina zebaki, kwamba huvuta punje za mchele, au kwamba yuko mnunuzi tajiri anayezisubiri hotelini. Hakuna sarafu ya Kijerumani yenye zebaki wala inayovuta mchele. Mtu akianza na maneno hayo, ondoka kabla hajakuonyesha kitu.

Hatua ya nne: kagua kwa utaratibu uleule kila mara

Anza na macho. Hela 20 ya Tabora ina upande mmoja wenye taji la kifalme, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka 1916, na upande wa pili una thamani ndani ya shada la majani pamoja na herufi T, ambayo ni alama ya Tabora. Upana wake ni kama milimita 29 na haina tundu katikati. Hela zenye tundu, za 5 na za 10, ni za kabla ya vita na zilipigwa Ujerumani. Zina alama A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Watu wengi huzichanganya, na wauzaji huziita zote rupia, ingawa rupia 1 ilikuwa hela 100.

Usiikatae hela ya Tabora kwa sababu ni mbaya. Mafundi wa karakana ya reli hawakuwa na mashine za kiwanda cha sarafu. Maandishi hufifia upande mmoja, picha huhama kutoka katikati, unene na uzito hutofautiana kipande kwa kipande, na nyufa za muhuri uliochoka huonekana kama mistari iliyonyanyuka. Kasoro hizo ni za mgongano, yaani chuma kilichogongwa kwa nguvu. Ghushi nyingi kwa kawaida zimesubiwa, yaani chuma kilichoyeyushwa kimemiminwa kwenye kalibu, na kusubu kuna dalili zake: vitundu vidogo kama vya mkate, uso ulioparara hata ndani ya mabonde ya herufi, kingo za herufi zilizoviringika kama sabuni iliyotumika, na mstari wa kiungo kwenye ukingo ambao mtu amejaribu kuupiga msasa. Pitisha kioo polepole kwenye herufi kuliko kwenye taji, maana muongo hushughulika na picha na kusahau herufi.

Ukishaizoea, utaanza kuona aina. Ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Herufi L ya pili katika neno HELLER huwa na ncha iliyopinda kwenye baadhi na iliyochongoka kwenye nyingine. Mimi nilichukua miaka miwili kuziona tofauti hizo, na baada ya hapo sikuweza tena kununua hela 20 bila kuitazama L kwanza.

Sumaku ni ya haraka: shaba, fedha na dhahabu hazishikwi. Kinachoshikwa ni chuma kilichopakwa rangi, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Kipimo cha maji ndicho kinachoumbua rupia za uongo. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia 1 ya fedha ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66 na imetengenezwa kwa fedha ya asilimia 91.7, hivyo mizani inapaswa kusoma karibu gramu 1.13, na jibu la kugawanya liwe 10.3 hivi. Ukipata 8.5 au 8.9 umeshika shaba iliyochovywa. Sarafu hupungua uzito kidogo kwa kuchakaa, lakini uwiano huo haupungui.

Kuhusu tembo wa dhahabu, nitasema wazi kwamba usitarajie kumpata. Zilipigwa 16,198 tu, kila moja ikiwa na gramu 7.168 za dhahabu ya asilimia 75, na yule mnyama aliyeinua mkonga mbele ya milima ni miongoni mwa sarafu za Afrika zinazoghushiwa sana. Uwiano wake majini uwe kwenye 15 hivi. Lakini hata uwiano ukikubali usinunue peke yako, kwa kuwa dhahabu ya Geita inaweza kusubiwa kuwa tembo kama inavyosubiwa kuwa pete, na hapo kipimo cha maji kitakuwa kimesema kweli juu ya chuma bila kusema lolote juu ya mwaka 1916.

Hatua ya tano: usisafishe

Hela yangu ya kwanza niliisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nilifurahi kwa wiki moja. Kisha nilimwonyesha mkusanyaji mzoefu, naye akaigeuza mara mbili, akairudisha mkononi mwangu bila kusema neno. Ule weusi na ukijani uliokauka juu ya shaba ni ngozi ya sarafu. Ndio unaoonyesha umri wake na ndio unaoukinga uso. Ukiuondoa haurudi, na bei huanguka nao.

Kinachoruhusiwa ni kuiloweka katika maji yaliyochujwa kuondoa udongo, kuikausha kwa kuigandamiza na kitambaa cha pamba bila kusugua, na kuiacha kivulini. Ukiona unga wa kijani kibichi unaodondoka ukiguswa, huo si ngozi bali ugonjwa. Itenge na nyingine, iloweke katika maji safi ukiyabadilisha kila siku kwa wiki kadhaa, kisha ikaushe kabisa.

Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, hasa Novemba hadi Mei mvua zinaponyesha. Hifadhi kila kipande katika bahasha yake ya karatasi, bahasha ziwe ndani ya kopo linalofunga vizuri, na humo tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ukivibadilisha mara kwa mara. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu, kwa kuwa hutoa utelezi wa kijani juu ya shaba. Shika sarafu kwa ukingo. Noti za keya zisikunjuliwe kwa nguvu wala zisibandikwe gundi ya karatasi ya nailoni, hata kama zimepasuka.

Hatua ya sita: jua sheria inakoishia ruhusa yako

Kununua hela kutoka kwa mtu aliyeirithi ni jambo moja, na kuchimba ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimbua maeneo ya kihistoria bila kibali ni kosa. Hadithi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mbuyu au nyuma ya boma zimewafanya watu kubomoa misingi ya majengo na kufukua makaburi, na sijaona hata mmoja aliyerudi na kitu zaidi ya misumari. Isitoshe, ardhi iliyopiganiwa huweza kuwa na risasi na mizinga ambayo haikulipuka. Ukikuta kitu cha namna hiyo usikiguse, toa taarifa polisi. Na kabla ya kutuma au kubeba kipande chochote nje ya nchi, waulize Idara ya Mambo ya Kale kwa maandishi, uhifadhi jibu.

Hatua ya saba: andika siku hiyohiyo

Sarafu isiyo na habari ni shaba ya gramu kadhaa. Andika namba, aina, uzito, upana, hali, ulipoipata, siku, na maneno ya aliyekupa kama alivyoyasema, hata yakiwa na makosa ya tarehe, kwa kuwa makosa hayo nayo ni sehemu ya kumbukumbu ya familia. Piga picha pande zote mbili na ukingo, kwenye mwanga wa dirishani, pamoja na rula. Jina la familia liandikwe kwenye daftari lako pekee, lisitokee kwenye picha unayoisambaza, maana wezi nao hukusanya.

Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Na. 14. Hela 20, shaba ya njano, taji kubwa, L ya pili imepinda. Gramu 11.3. Ukijani mkavu, mkwaruzo mmoja wa zamani chini ya T. Moja kati ya tatu zilizotoka kwenye mtungi. Mzee anasema baba yake alinyimwa chumvi alipotaka kuinunua nazo mwaka wa kwanza wa Waingereza, kila duka likimwambia hazifai, akaziweka. Hakuuza. Nimepima na kupiga picha, nikazirudisha kwenye kitambaa."